Sahra Alivyojichagulia Sura

Mpendwa Hodan,

Assalamu alaykum. Huku Garissa sote wazima, alhamdulillah. Mama mdogo amejifungua binti, na mvua imewapa mbuzi majani. Umeniuliza kwa nini programu yako inakwama ilhali kila amri ni sahihi. Nami yalinikuta hayo miaka ya tisini, nikiwa karani wa maktaba hapa mjini.

Rafiki yangu Sahra, ambaye hakuwa akiona, alitaka kusikiliza Kurani kwenye CD bila kumwomba mtu amchagulie sura. Nikamwandikia programu: akibonyeza namba, kompyuta iiamuru mashine ya CD isome sura hiyo. Niliikagua mstari kwa mstari, sikuona kosa. Nikatia CD, Sahra akabonyeza. Kimya. Nikaitoa, nikaitia tena, akabonyeza. Kimya.

Nilikuwa tayari kufuta yote. Sahra akasogeza sikio karibu na mashine.

"Walaal, dada yangu, CD ndiyo kwanza inaanza kuzunguka, naisikia. Mbona unaiamuru kabla haijawa tayari?"

Nilicheka kwa aibu. Nikaongeza mistari michache: kompyuta iulize kwanza kama mashine iko tayari, ingoje jibu, ndipo itoe amri.

Sahra akabonyeza, na Suratu Yasin ikajaa chumbani. Alisikiliza hadi mwisho, ametulia kabisa. Kisha akanisukuma begani.

"Haya, nipishe hicho kiti. Sasa najichagulia mwenyewe."

Utaiweza, mjukuu wangu. Wasalimie wenzako wote.

Ayeeyo wako,
Fatuma