Nashoni Waitara, Uliyeomba Uswage Ng'ombe

Mwaka umetimia, Nashoni, tangu Jumapili ile mkeo Nyangi alipofika wodini na uji wako akakuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Hapa Genkuru hukupita mlangoni kwa mtu bila kuuliza hali ya mgonjwa wake. Ndama wako uliwapa majina ya wajomba zako, ukawagombeza kwa majina hayohayo mpaka mama akakukataza. Jirani akikosa ng'ombe wa kulimia, wako walikwenda, nawe ukaenda nao.

Kisha ukaanza kukonda, na huku unakula kuliko sisi sote. Asubuhi ya baridi ulitoka jasho, mikono inatetemeka, unasema moyo unakwenda mbio. Tukanong'ona kwamba unakunywa kwa siri. Nyangi alipouona uvimbe shingoni mwako, tulimwambia rovu ni ugonjwa wa wanawake.

Ulilalamika mgongo pia. Siku ya kulima ukaomba uswage ng'ombe, mwingine ashike plau. Mdogo wako Gidion akasema, "Kaka, kuswaga ni kazi ya watoto. Au tukuletee kanga ujifunge?" Tulicheka sote. Ukacheka na wewe, ukashika plau. Mwisho wa shamba, ulipoinyanyua ili kugeuza, ulianguka, nyonga ikavunjika. Udongo ulikuwa laini kabisa.

Daktari alitueleza taratibu. Tezi ya shingo yako ilikuwa imefanya kazi kupita kiasi kwa miaka, ikawa inaidhoofisha mifupa kidogo kidogo, na mwanaume naye hupatwa na hilo. Hugunduliwa kwa kupima damu. Dawa zipo. Lakini wewe ulikuwa umeshalala kitandani muda mrefu kwa nyonga ile, mapafu yakakushinda.

Gidion mwenyewe ameomba maneno yake yale ya kanga yaandikwe hapa. Pale wodini ulimwambia, "Gidi, acha kujitesa. Ungekuwa wewe, hata mimi ningekucheka." Ulituhurumia hata hapo. Sisi hatujaweza kujihurumia.

Unakumbukwa na mama yako Mokami, mkeo Nyangi, mdogo wako Gidion, wanao Eunice na Daudi, na majirani wote uliowalimia. Hatuna siku ya kukusahau.

Daudi ameanza kukonda. Jumatatu Gidion anampeleka kupimwa damu.