Uso wa Mama Mkwe Kwenye Skrini

Embu, tarehe 4 Mei 1998

Mwanangu Ruguru,

Nakusalimu wewe, mumeo Mutegi na watoto. Hapa nyumbani hatujambo, ila goti langu la kushoto linasumbua tangu mvua ianze. Kikohozi cha mtoto kiliisha? Ukimpa asali, usiipunguze kwa uchoyo.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwa kalamu. Yule kijana Kathuri, muuza programu wa Nairobi anayevaa tai hata kwa karakana, amekuja kuniuzia maendeleo. Ana programu mbili. Ndogo ni ya kuandika na kupiga hesabu tu, halafu tutatumiana diski kwa basi. Kubwa inafanya hayo yote, na tena kompyuta ya hapa Embu na ya kwenu Kaaga zitapigiana simu zenyewe, zipeane ujumbe, kalenda na faili. Ninachoandika hapa, nyinyi mnakiona Meru. Ametuachia ile kubwa tuijaribu bure hadi mwisho wa Julai, ndipo tuchague.

Unajua kwa nini nataka jambo hili. Januari Mutegi aliuza madawati huko Meru, na mimi nikauza madawati yaleyale hapa. Nilisimama mbele ya walimu wakuu wawili nikiwa na lori moja la madawati, na wote wana risiti. Sirudii aibu ile. Kama ofisi hizi mbili hazitajua kufanya kazi pamoja, nitafunga ya Meru nibaki na karakana aliyoniachia baba yako. Nasema hivyo nikiwa nimetulia.

Mwambie Mutegi awe anawasha mashine mapema.

Mama yako,
Veronicah

*

Kaaga, Meru, tarehe 25 Mei 1998

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mtoto amepona kikohozi na sasa anakula kuliko baba yake, jambo ambalo nitalieleza. Goti linaendeleaje? Ulipaka ile dawa au uliwagawia wageni?

Utauliza kwa nini nimetumia stempu na programu iko. Mama, barua pepe zote za hapa hufunguliwa na Mutegi, na habari zenyewe ni zake.

Kathuri aliweka picha ya pasipoti ya kila mtu. Ukituma ujumbe, kengele inalia na uso wako unatokea kwenye skrini, mkubwa, na kile kitambaa cha kichwa cha kanisani. Mutegi anasimama. Anavua kofia. Anabaki amesimama mpaka amalize kusoma, halafu anainama kidogo ndipo aketi. Wiki iliyopita mteja wa kutoka Muthara alimuuliza mbona anasimamasimama. Akamjibu, "Sorry sana, mama wa Ruguru ameingia." Yule mzee naye akasimama! Wakawa wawili, kofia mkononi, wanangoja kompyuta imalize.

Na kula hali. Unajua hajawahi kutia tonge mdomoni mbele yako tangu siku ya posa. Sasa anafunika githeri yake kwa gazeti kila kengele ikilia, na wewe, Mama, unatuma ujumbe kuliko stesheni ya redio. Chakula kinapoa, anakirudisha nyumbani, mtoto anakimaliza.

Halafu kuna kalenda. Uliandika, "Jumatano, saa nne: kununua kamisi." Mama! Kalenda ni ya wote. Mutegi alizima mashine, akatoka nje, akakaa kwa mawe nyuma ya ofisi. Siku mbili hakuigusa. Ananiuliza kama anadaiwa mbuzi wa faini kwa kusoma nguo ya ndani ya mkwe.

Tafadhali ondoa picha. Ondoa na kamisi. Au tuchukue programu ndogo, diski zije kwa basi, mkwe wako apate kula.

Binti yako,
Ruguru

*

Embu, tarehe 8 Juni 1998

Ruguru,

Salamu. Goti ni lilelile. Dawa niligawa, ndiyo, lakini si yote.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka Gichovi, fundi wetu mkuu, akaacha kuchomelea akaja kuona kama ni wazimu. Halafu nikakasirika kidogo. Picha ile nilipigwa studio, nikalipia, na kila mtu anasema nimependeza. Haiondoki. Mimi niko Embu, Mutegi yuko Meru, katikati kuna mito na vilima na Chuka nzima. Hatuonani. Heshima ya mkwe ni ya watu wakikutana njiani, si ya waya wa simu.

Hata hivyo nilimuuliza mjomba wako Ireri habari ya mbuzi. Alifikiri sana, akaomba chai, akafikiri tena. Amesema kusoma neno kamisi si kuona kamisi. Hakuna mbuzi. Nilimwona amesikitika, nadhani alikuwa na hamu ya nyama.

Programu ndogo siitaki. Kathuri amenionyesha jambo jipya ambalo limenifurahisha. Nikiandika waraka, Mutegi anaweza kuufungua huko na kuusahihisha. Neno analolikata linapigwa mstari mwekundu, na jina la aliyekata linaandikwa pembeni, ili kila mtu ajue nani kafanya nini. Hapo ndipo kazi ya pamoja ilipo! Mwambie akiona kosa alisahihishe. Mpaka leo hajaona hata moja, na simshangai, maana mimi huandika kwa makini.

Sasa ninaandaa waraka wa vipimo vya vile vitanda vya ghorofa vya shule ya wasichana karibu na Githongo. Nautuma kwenu kesho. Mutegi akiupitisha, karakana inaanza kukata vyuma.

Nawe uache kunigombeza. Lakini nitafanyaje? Tulikupa jina la mama mkwe wangu, na yeye alikuwa hivyohivyo.

Mama yako

*

Embu, tarehe 30 Juni 1998

Ruguru,

Natumaini nyinyi ni wazima. Mimi si mzima.

Mwalimu mkuu wa Githongo amenipigia simu. Vitanda vimefika, rangi inametameta, vyuma imara. Wasichana wamelala usiku wa jana na miguu nje. Mmoja amenaswa kwenye vyuma, wakamtoa kwa sabuni. Mwalimu aliniuliza kwa adabu, "Mama, hivi vitanda ni vya nani? Ama mlituma vya watoto wa nursery?"

Nimefungua waraka. Umeandikwa urefu futi nne. Ndiyo, ni mimi niliyeandika nne badala ya sita. Goti lilikuwa linauma siku ile. Lakini waraka ulipita mikononi mwa Mutegi! Mashine inaonyesha aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, akaupitisha bila kugusa herufi. Meneja gani asiyejua urefu wa msichana wa kidato cha tatu? Kwani hajapata kuona msichana? Kama hasomi, basi hasomi. Kama anasoma na hajali, hiyo ni mbaya zaidi.

Nimeamua. Programu hatununui, kubwa wala ndogo. Mwisho wa Julai ofisi ya Meru inafungwa. Mutegi atafute kazi nyingine, na nitamwandikia barua nzuri ya kumsifu, kwa sababu ni baba wa wajukuu wangu.

Mwambie wewe. Mimi siwezi kumtamkia mkwe maneno kama hayo.

Mama yako

*

Kaaga, Meru, tarehe 3 Julai 1998

Mama,

Nakusalimu kwa heshima zote, na baada ya hapo utanisamehe.

Sijamwambia. Kwanza nataka ujue kilichotokea.

Mutegi aliiona ile futi nne papo hapo. Aliniita, akanionyesha kwa kidole kutoka mbali, kama anaonyesha nyoka. Nikamwambia, "Si ubadilishe tu? Andika sita." Akasema, "Ruguru, wewe unaona hii kitu inafanya nini? Nikikata neno la mama yako, inakatwa na red. Halafu inaandika Mutegi. Mutegi amemkata mama mkwe! Na watu wa karakana wote wanaona." Nikajaribu kubadilisha mimi. Programu ikauliza neno la siri, na la kwangu hatukuwahi kupewa, wewe ulimwambia Kathuri mtumiaji wa Meru ni mmoja. Nikitumia la Mutegi, litatokea jina la Mutegi. Akakaa na waraka ule siku nzima. Aliufunga, akaufungua, akaenda akanawa uso. Mwisho akaupitisha, akisema, "Gichovi ni fundi wa miaka mingi, ataona."

Muulize Gichovi kama hakuona.

Nawe, Mama, unataka kumfukuza mkwe na unanituma mimi niseme, kwa sababu huwezi kumtamkia. Sasa tofauti yenu ni nini? Nyinyi wawili mnaheshimiana mpaka kiwanda cha Baba kinakufa katikati.

Kuna lingine. Kiwanda cha mbao cha Nanyuki kimemwita Mutegi kazini. Anatakiwa kujibu kabla ya mwezi kuisha. Hajakuambia, na bila shaka hatakuambia, atahama tu kimyakimya na kofia mkononi. Akienda, naenda naye na watoto. Mimi sitaki kwenda Nanyuki. Nimelia juzi jikoni kwa sababu ya jambo hili. Nataka kukaa hapa, niuze vitanda vilivyotengenezwa na watu wa kwetu, na wanangu wakujue nyanya yao kwa sauti na kwa mkono, si kwa picha ya pasipoti.

Nimekukasirikia na ninakupenda.

Binti yako,
Ruguru

*

Embu, tarehe 9 Julai 1998

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Sina la kusema juu ya goti.

Nilimwita Gichovi. Nikamuuliza kama aliona kwamba vile vitanda ni vifupi. Akatazama viatu vyake. Akasema, "Mama, nilijua ni fupi. Lakini uliandika wewe." Nikamuuliza aliyepaka rangi. Alijua. Dereva wa lori alijua, eti alishangaa mbona vitanda vyote vimeingia safari moja. Karakana nzima ilijua, Ruguru, na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri sana.

Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo na Ireri. Anasema kuna njia ya wazee ya kulegeza jambo hili: mama mkwe ampe mkwe chakula kwa mkono wake mwenyewe, naye akile mbele yake. Sijui kama ni ya wazee au ameitunga njiani ili ale kuku, lakini nitaijaribu.

Pika. Na Mutegi asikimbilie shambani akisikia gari.

Mama yako

*

Embu, tarehe 22 Julai 1998

Mwanangu Ruguru,

Nawasalimu nyote, na asante kwa mapokezi ya Jumamosi ile. Nilifika salama. Ireri bado anazungumza juu ya mapaja ya yule kuku.

Nilirudi nikiwa nimekata tamaa, sikufichi. Uliona mwenyewe. Nilimpa Mutegi sahani, akaipokea kwa mikono miwili, akala akiutazama ukuta, akajigeuza polepole, akanitazama mara moja, akasema, "Asante, Mama." Basi. Nikajiambia, tumepoteza kuku.

Jumatatu nikaandika waraka wa vitanda vipya vya Githongo. Safari hii futi sita, niliangalia mara nyingi. Nikautuma, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilidhani mashine imeharibika, skrini yote ni nyekundu. Mutegi alikuwa amekata upana, kwa sababu godoro la shule haliingii. Amekata unene wa chuma. Amekata tarehe ya kupeleka, akaandika kwamba siku hiyo shule imefungwa. Amekata sentensi yangu nzima ya kumsifu mwalimu mkuu, akaandika pembeni: "Ndefu sana, Mama." Kila mahali Mutegi, Mutegi, Mutegi.

Nilikaa nikamsoma mpaka mwisho. Alikuwa sahihi karibu kila mahali. Halafu nikalia, mwanangu. Gichovi alikuja mbio akidhani nimepigwa na stima ya kompyuta. Nikamrudisha kazini. Tangu baba yako atuache, hakuna mtu aliyewahi kuniambia, "Veronicah, hapa umekosea." Watu wananiambia ndiyo, Mama, sawa, Mama, na mimi nilifikiri ni kwa sababu sikosei. Nilichoka sana bila kujua ninachoka.

Kathuri amekuja leo asubuhi. Nimechukua ile kubwa, ofisi ya Meru haifungwi, na nimemwambia akupe neno la siri la kwako. Picha yangu ameipunguza ikawa ndogo, na kamisi imetoka kwenye kalenda. Vile vitanda vifupi, shule ya nursery ya parokia imevichukua, watoto wanavipanda kama wanavyompanda ng'ombe wa jirani.

Nilikuwa nimeanza barua hii ili nikuombe umwambie Mutegi asiende Nanyuki. Nimefika mstari huu nikaona haya. Usimwambie kitu. Nimemwandikia mwenyewe, kwa mashine, dakika hii. Na pale alipokata upana wa ngazi ya kitanda, mwambie atazame tena. Amekosea yeye.

La, hilo pia nitamwambia mwenyewe.

Mama yako