Kipande cha Mashudu cha Asubuhi

Baba,

Assalaam alaykum huko uliko kwa Mola wako. Ningesema hatujambo, maana ndivyo barua zinavyoanza, lakini moyo wangu haujatulia tangu juzi. Naogopa, Baba. Na wa kumwambia ni wewe tu.

Ng'ombe watatu wa Idi ya Kuchinja bado tunawanenepesha hapa nyuma ya nyumba, na majirani wa Tudor bado wanalalamikia harufu. Maganda ya mihogo nayachukua kwa wakaangaji wa Makadara, nayaanika mpaka yakauke kau. Pumba natoa kwa yule msagaji wa Bondeni. Hanipunji tena, naona anakuogopa zaidi ukiwa kaburini. Dume mweusi, yule uliyemwita Bwana Harusi, amejaa mgongo mpaka mtu angeweza kulala juu yake.

Na mashudu ya nazi, Baba, yale makapi yanayobaki kinuni mafuta yakishakamuliwa. Ulikuwa hunywi chai kabla ya kumega kipande na kukitafuna, macho juu, kama mtu anayeonja pilau ya arusi. "Kisichonipita mimi kooni, ng'ombe wangu hatokila." Tulikucheka, na Mama akicheka kuliko sote. Ukimpa kipande, akikitema.

Sasa Mama hacheki. Tangu atoke eda, kila asubuhi huja bandani, husimama pale pale ulipokuwa ukisimama, hunyosha kiganja. "Nipa changu." Nammegea. Hutafuna polepole, na hatemi. Ndio wakati pekee uso wake unalegea, nami nikishukuru kwamba amepata cha kumliwaza.

Juzi tulifungua gunia jipya. Mama akaonja, akalipitisha. Nikammiminia Bwana Harusi, akanusa, akarudi nyuma. Dume lile, ambalo lingekula hata kamba yake! Mama aliporudi ndani, nikamwita daktari wa mifugo. Akavunja bonge moja katikati, ndani likawa na ukungu wa kijani. Akasema tutupe gunia zima. Ukungu ule una sumu isiyotambulika kwa ulimi, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, humharibu ini.

Ini, Baba.

Nikayaona tena macho yako yalivyogeuka manjano. Nikamkumbuka daktari wa hospitali alivyouliza kwa upole, "Mzee hunywa?" na Mama akawaka moto. "Mume wangu hajapata kuonja hata tone!" Sote tukasimama kutetea heshima yako, na maswali yakaishia hapo. Mashudu hayakumjia mtu akilini. Nani angeyataja? Kwetu hayakuwa chakula, yalikuwa kazi.

Huenda sio hayo. Watu huugua ini kwa mengi. Najiambia hivyo nikipika, najiambia hivyo nikisujudu. Halafu namwona Mama anakuja bandani.

Jana nilimwambia lile gunia nimelirudisha kwa muuzaji. Leo nikamwambia jingine halijaletwa. Mkono wake ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha ndani ya leso. Nikinyamaza, gunia jingine likija ataingia stoo kumega mwenyewe siku nitakayokuwa sokoni. Nikisema, atajua kwamba asubuhi zile alizokuwa akikucheka, labda ulikuwa unakula kilichokuua mbele ya macho yake. Sijui lipi litamuumiza zaidi. Na lililo baya kuliko yote naogopa hata kuliandika: yeye amekwisha kula kiasi gani? Leo alipogeukia jua niliyatazama macho yake. Yalikuwa meupe. Au nilitaka yawe meupe.

Nimekaa juu ya ndoo yako uliyokuwa ukiipindua, Bwana Harusi ananipumulia shingoni. Ungekuwepo ungesema nimezidi woga. Ningefurahi kukusikia ukisema hivyo.

Pumzika, Baba. Mola akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Sikukukatalia neno ulipokuwa hai, lakini hii desturi yako naikata, na nakuahidi mdomo wa Mama hautayagusa tena mashudu. Kesho akinyosha kiganja, nitakishika. Nitamkalisha hapa kwenye ndoo, nimwambie yote, alie, tulie pamoja. Kisha tutakwenda hospitali sote wawili. Na daktari akituuliza tunakula nini, nitaanza na mashudu.

Bintiyo,
Rukia