Kocha wa Makena

Wanjira, uko? Leo nimeaibika hadi nikatafuta mahali pa kujificha.

Si unajua Makena wangu alikuwa na mashindano ya watoto ya kuendesha vigari vya injini hapa Meru? Raundi ya mwisho, alikuwa mbele ya wavulana wote. Nilipiga kelele hadi kilemba kikaanguka.

Halafu kigari kimoja kikapinduka, refa akapunga bendera nyekundu. Watoto wote wakasimama. Wangu akaongeza mwendo.

AKAONGEZA MWENDO, Wanjira. Akampita refa kama anapita mti.

Refa akamuuliza mbona hakusimama. Msichana wa miaka tisa, macho makavu: "Anko Mithika alinifunza, mtu akikupungia barabarani usisimame, ndege itaacha miraa."

Asante sana, ndugu yangu Mithika, dereva wa pikapu ya kukimbiza miraa uwanja wa ndege. Na vile nilikuwa nimeambia akina mama wote kocha wake ametoka Nairobi.

Wamemtoa kwa mashindano. Sasa mtoto analia, namgeukia Mithika angalau aombe msamaha. Yeye anaangalia saa.

"Kwa mwendo huo," ananiambia, "ndege haingetuacha."