Pipa la Fabien

Vaubrelle, Jura
Oktoba

Mpendwa kaka Fabien,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na wifi Maëlle hamjambo huko Bordeaux, na kwamba mvinyo wa watu wa huko haujakusahaulisha wa kwetu. Sisi tunaendelea hivyo hivyo. Nakuandikia nimesimama, maana siku hizi kukaa kumenishinda.

Zabibu tumemaliza kuvuna. Watembeaji bado wanakuja na fimbo zao, nami nawapandisha kilimani kila asubuhi. Nikifika juu nageuka kuangalia nyumbani kama kuna mtu anatoka mlangoni. Wao wanadhani nawaonyesha mandhari.

Najua habari za pipa lako zimeshakufikia, kijiji hiki hakiwezi kufunga mdomo. Baba alilijaza mvinyo wa njano mwaka ule ulipoondoka, akasema litafunguliwa siku utakaporudi kuishi. Unakumbuka utotoni tulivyochapwa vidole kwa kugusa tu mapipa ya namna hiyo? Mvinyo ule huachwa upungue wenyewe, utando ukaufunika juu, na mtu haongezi hata tone. Basi mtu ameongeza. Utando umezama na mvinyo umegeuka siki. Umeambiwa ni mimi, Odile.

Dukani kwake, Bi Gisèle aliacha kukata jibini akaniuliza mbele za watu, "We binti wa Honoré, na jibini kesho utaiosha kwa sabuni?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Baba alikuwa nyuma yangu, hakucheka. Alisema hajui alikosea wapi kunilea. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kuniomba chumvi mezani, na inaniuma.

Kaka, si mimi. Nilimkuta baba mwenyewe stoo ya chini, amevaa koti la Jumapili, anamimina mvinyo mpya kwa jagi, taratibu kabisa. Nilipomuuliza anafanya nini, alinijibu kwa furaha, "Fabien anafika leo, mwanangu. Asije akakuta pipa lake pungufu." Wiki kadhaa baadaye alilinusa pipa, akakaa chini, akalia. Akauliza nani kafanya unyama huu. Nikasema mimi. Niliogopa asije akakumbuka.

Sasa kila mlango ukilia naruka. Juzi alitoka kwenda kukupokea stesheni, na stesheni yetu ilifungwa tangu tukiwa wadogo. Nilimkuta amesimama kwenye majani, ameshika kofia mkononi. Nimechoka, kaka, na peke yangu siwezi tena. Rudi. Na ukifika, nigombeze mbele yake kwa ajili ya hilo pipa, nigombeze kwa sauti, asipate shaka hata kidogo.

Msalimie sana wifi. Baba anakusalimu. Asubuhi ya leo amekutandikia kitanda tena.

Mdogo wako,
Odile, aliyeharibu pipa