Picha Iliyohudhuria Darasa

5 Februari
Shikamoo Baba,
Mgongo umeacha kukusumbua huko karakana? Mimi mzima kama msumari mpya. Unasema chuo cha mtandaoni si chuo, na randa umeshaitundika ukutani inisubiri nifeli. Itashika kutu, Baba! Umeme nausomea kitandani, blanketi hadi kidevuni. Wenzangu wanaonekana kwenye skrini wakiandika. Mimi nimeweka picha yangu nimekunja uso kama waziri. Mwalimu anaridhika, mimi napumzika.
Mwanao, mhandisi mtarajiwa

13 Februari
Mwanangu mwenye mdomo,
Marahaba. Mgongo ni uleule. Mama yako ana kikohozi, anakusalimu. Mtihani ni Juni. Ukifeli unarudi kupiga randa, bila hadithi. Na haishiki kutu, naipaka mafuta kila Jumamosi.
Baba yako

27 Machi
Shikamoo Baba,
Kikohozi cha Mama vipi? Nimechelewa kuandika, nilikuwa najificha. Mwalimu aliniuliza swali la fyuzi. Picha ikamtazama. Akauliza tena. Picha ikazidi kumkunjia uso. Dakika nne, Baba! Watu sitini wanacheka, na mimi nimelala fofofo. Kesho yake ndipo waliponitumia video. Sasa jina langu Waziri. Jaribio la kwanza nimepata kumi na tisa kwa mia, na nikikosa kipindi kimoja tena naondolewa.
Usianze kufurahi. Sirudi ng'o.
Mwanao yuleyule

4 Aprili
Mwanangu,
Marahaba. Mama anaendelea na dawa. Miaka thelathini sijawahi kupiga randa nimelala. Una meza?
Baba yako

30 Juni
Shikamoo Baba,
Mama amepona? Meza sikuwa nayo. Nilimwomba mwenye nyumba mlango mbovu, nikaulaza juu ya ndoo mbili. Kipindi kikianza nimeshavaa shati na viatu. Viatu, Baba, chumbani peke yangu! Simu naifungia kwenye sufuria, kompyuta ya kuazima inabaki na kamera wazi. Naandika kwa mkono, na nisipoelewa nauliza papo hapo. Siku ya kwanza wakapiga kelele, "Waziri kafufuka!" Nikawajibu, "Na ana swali." Wacheke tu. Siku hizi wanne kati yao wananifuata kila Jumanne tuulizane maswali, na daftari linaloombwa ni langu.
Mtihani nimepata sabini na nane. Randa mpe mwingine.
Mwanao, Waziri wa Umeme

8 Julai
Mwanangu,
Marahaba. Mama yako hakohoi tena, anapata wapi nafasi? Matokeo yako anamsomea kila anayepita. Mimi bado nasema chuo cha skrini si chuo. Lakini meza ni meza. Randa simpi mtu. Nimeishusha ukutani wiki nzima, nimeitumia mwenyewe. Ijumaa gari la mizigo litakushushia kitu cha mninga, miguu minne, droo moja ya kufungia simu.
Mlango wa watu rudisha.
Baba yako