Sawasawa Mbele ya Kioo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, goti linaendeleaje? Shemeji yako anasema ukizidi kupanda ngazi za wodini kama msichana, utakuja kulazwa humohumo, na wauguzi wenzako watakunywesha uji usio na sukari. Nimemwambia akuache. Sisi hatujambo. Yeye anahangaika na mabomba ya watu huku la jikoni kwake linavuja, nami nasuka. Mgongo unauma kidogo, lakini siku usipouma nitajua wateja wamenikimbia.

Barua hii ni ndefu, kwa hiyo kaa kitako unyooshe mguu. Ninayo habari ya mwanao Sawasawa, na ninalo jambo langu ambalo nimelibeba miaka mitatu. Nitaanza na habari, maana hilo jambo bado sijalipatia ujasiri.

Unajua jina hilo lilikotoka. Wateja wa saluni ndio waliompa, kwa kuwa kila anachoambiwa anakiitikia kwa kichwa. Hasikii hata radi, lakini ukimsemesha anakutazama usoni, anaitikia, anatabasamu. Basi mimi nikawa natamba. Niliwaambia watu kwamba mwanangu anasoma midomo, kwamba anaelewa kila kitu, kwamba shuleni anakaa dawati la mbele na madaftari yake ni masafi kuliko ya darasa zima. Na kweli ni masafi. Lile nililokutumia, si uliona mwenyewe alivyonakili ubao wote, hadi tarehe?

Sasa, miezi miwili iliyopita, Jumamosi asubuhi, akaingia mteja mgeni, mama mtu mzima anayepiga pasi kwenye duka la dobi mtaa wa nyuma. Alinipa kikaratasi: yeye ni kiziwi, anataka nywele ndogondogo za kurudi nyuma, na tafadhali nisimvute sana pembeni. Nikamkalisha mbele ya kioo nikaanza. Ni kazi ya saa tano ile.

Katikati nikamwambia Sawasawa aniletee uzi mweusi. Akaitikia kwa kichwa, akaniletea maji. Nikamwambia tena, akaitikia, akaja na taulo. Nikacheka, nikaenda kuuchukua mwenyewe kama ninavyofanya siku zote. Yule dobi alikuwa akinitazama kwenye kioo. Akaomba kalamu, akaandika, akanipitishia kikaratasi juu ya bega. Kilisema: “Mtoto atakusomaje mdomo na wewe umeng’ata kitana?”

Dada, nilikitoa kitana mdomoni. Unanijua, tangu nijifunze kusuka kitana changu kinakaa kwenye meno. Nikihitaji mikono miwili nakibana hapo na kuongea hivyohivyo, kwa sababu wateja wanasikia. Miaka tisa mwanangu ananitazama mdomo uliobana kitana, na nisipobana kitana basi nimempa kisogo. Aliona tu kwamba akiitikia, mama anafurahi. Ndipo akawa anaitikia. Kumbe nilikuwa naongea na mtoto anayekubali kila kitu na hajui hata kimoja.

Dobi hakunilaumu. Alimwita Sawasawa, akamwonyesha kitana na kufanya ishara kwa mkono. Akamwonyesha maji, akafanya nyingine. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Dobi akakataa, akarudia, akasubiri. Nadhani hajawahi kutokea mtu wa kuikataa ile ndiyo yake. Mtoto akasimama pale amekunja uso, sijui kwa muda gani, halafu akainua mkono na kufanya ishara ya kitana. Kisha ya maji. Kisha akakimbia chumba kizima akigusa ndoo, taulo, pasi ya nywele, mlango, na kwa kila kimoja anarudi kwenye kioo kudai kinaitwaje. Nami nimesimama, msuko mmoja mkononi, siumalizi. Nilijiona kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Nikamwandikia kwamba nywele bado mpya. Akadai zimembana, nizifumue nisuke upya. Hazikuwa zimembana hata chembe. Alikuja Jumamosi saba mfululizo, kila mara na kisingizio chake, na mimi baada ya Jumamosi ya tatu nikaacha kuuliza. Nasuka nyuma, wao wanaongea kwenye kioo.

Jumamosi ya tano ndiyo nitakayozikwa nayo. Sawasawa alikuwa kwenye stuli pembeni ya dobi, akaanza kusimulia. Mikono yake ikamleta mtu mwenye kitambi, anapandisha suruali, anapiga magoti chini ya sinki na kujifanya mjuzi. Akakaza, akakaza, bomba likafyatuka, maji yakampiga usoni, kofia ikaruka. Yule mtu akageuka upesi kuangalia kama mkewe ameona. Dobi alicheka mpaka nikashindwa kumsuka kwa jinsi kichwa kilivyokuwa kikiruka. Nami nilimjua huyo mtu, dada. Ni shemeji yako, jikoni kwetu, mwaka jana. Hata namna anavyovuta tumbo ndani watu wakimtazama, mtoto alikuwa nayo.

Mwaka mzima amekaa na kichekesho hicho kifuani, hana pa kukitua. Niliketi sakafuni palepale juu ya nywele za watu, nikamtazama kama mgeni aliyenijia kutoka mbali. Mwanangu ni mcheshi. Miaka tisa nimemwogesha, nimemlisha, nimemsuka, na sikuwa nalijua hilo.

Sasa lile jambo langu.

Miaka mitatu iliyopita ulimtafutia nafasi kwenye shule ya viziwi, kupitia rafiki yako mwalimu mkuu. Nikakuandikia kwamba nilikwenda, kwamba alinijibu vibaya na kusema darasa limejaa. Wewe kwa kunitetea ukamkatia mguu, na najua hamjasalimiana hadi leo. Dada, yule mama hakunijibu vibaya. Hakuniona kabisa. Nilifika getini nimemshika mtoto mkono. Watoto walikuwa mapumzikoni, uwanja mzima mikono iko hewani, na Sawasawa akanichomoka kuwakimbilia. Hakuwa amemwona hata mmoja wao maishani mwake, lakini aliwakimbilia. Nikaona akiingia mle atakuwa wao, hatakuwa wangu tena. Nilimshika gauni, nikamvuta akilia hadi nyumbani. Kesho yake nikakuandikia uongo.

Jumatatu hii nimerudi kwenye geti lile, nikaingia. Ofisini kwa mwalimu mkuu wana utaratibu wao: lolote linalosemwa mbele ya mtoto, linasemwa kwa mikono pia, asikae kama kifurushi. Akaniuliza kwa nini nimemleta akiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumsingizia shemeji yako ugonjwa. Lakini Sawasawa alikuwa ametulia anaitazama mikono ya mwalimu, anasubiri jibu langu lifike. Lingekuwa neno langu la kwanza kumfikia zima. Sikuweza kulifanya la uongo.

Nikasema yote, geti, gauni, barua niliyokuandikia. Mwalimu akayasema polepole kwa mikono, akiigiza pale ishara zilipompita mtoto, hata pale palipomhusu yeye. Mtoto hakuitikia kwa kichwa. Aliwaza, halafu akauliza kitu kwa ishara zake chache na kuigiza, na mwalimu akanitolea kwa sauti.

“Anauliza, siku zote zile ulipokuwa unaongea, ulikuwa unamwambia nini?”

Nilijiandaa kwa geti, sikujiandaa kwa hilo. Nikasema nilikuwa namwambia ale, avae viatu, asiguse pasi. Akauliza kama ni hayo tu. Nikasema hapana, kila nikimlaza nilikuwa namwimbia. Akauliza kuimba ndiyo kufanya nini. Nikafikiri, nikasema ni kumwambia mtu jambo lilelile mara nyingi bila kuchoka. Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi, akasema basi nimwambie sasa, yote, tangu mwanzo. Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini na kusema fomu zinaweza kusubiri.

Amepokelewa, ataanza wiki ijayo. Wazazi nao wanafundishwa kila Jumatano. Jana nilianza, na mikono yangu, ambayo ulikuwa unaisifu kwa wepesi, huko ndiyo ya mwisho darasani. Rafiki yako anakusalimu. Anasema miaka mitatu alikuwa akijiuliza amekukosea nini. Mpigie, dada. Mwambie ni mimi. Na ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapahapa, mbele ya mwanao, ila ujue kila neno nitalazimika kumfikishia.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na goti ulifunge kitambaa cha joto. Shemeji yako anakusalimu, ingawa hajui habari zake zimefika hadi kwa dobi. Nisamehe ukiweza, na usipoweza kwa sasa, niandikie tu.

Ni mimi mdogo wako,
msusi